Mistari ya Eneo la Nane

Theopista aliijua ramani ile kabla hajaikunjua yote. Ilikuwa kopi ya kopi, wino umefifia, imeshika jasho la watu wengi na imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Hata hivyo mistari aliijua. Alikuwa ameichora mwenyewe mwezi wa tatu, mwaka huohuo wa 1997, kwa siku mbili, tena kwa raha.

Aliyeileta alikuwa shangazi yake Nyamizi, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Nyamizi alizaliwa Ushirombo kama ndugu zake, lakini tangu aolewe alikuwa akiishi kitongoji cha Mwasabuka, upande wa Kharumwa, na huko ndiko alikomzika mumewe. Jumamosi hiyo ya mwezi wa nane alikuwa ameshuka Shinyanga kutoka kwenye lori la pamba, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Theopista alimwamkia, akaitikiwa marahaba ya haraka, akamletea maji ya kunawa. Shangazi hakunawa. Alifungua fundo la khanga, akatoa karatasi.

"Wanasema sisi ni wavamizi," alisema. "Wamekuja na gari, wametupa hii, wakasema tumeingia kwenye pori la kampuni. Mwenyekiti ameisoma, mwalimu ameisoma, hakuna anayeiona nyumba hata moja. Wewe kazi yako ni ramani, ng'wanone, mwanangu. Nisomee. Mimi niko wapi hapa?"

Kidole cha Theopista kilikwenda moja kwa moja mahali pekee alipokumbuka nyumba, kikatua.

"Hapa, shangazi."

Nyamizi aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Mbona hapana kitu?"

"Ndiyo. Hapana kitu."

"Lakini mimi nipo!"

Theopista aliondoa kidole. Shangazi akaendelea kueleza: Alhamisi ijayo kungekuwa na mkutano Kharumwa, katika shule ya msingi. Afisa ardhi angekuja kutoka Geita, na watu wa kampuni, na mpimaji mwenyewe aliyetengeneza ramani. Mwenye pingamizi aseme siku hiyo. Baada ya hapo, matrekta.

"Huyo mpimaji unamjua?" shangazi aliuliza.

"Namjua," alisema Theopista. Hapo ndipo angesema na lililobaki. Hakulisema. Alikwenda jikoni kuwasha mkaa, akavunja njiti tatu za kiberiti.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa binti mmoja, Goodness. Alisomeshwa na masista, akajifunza uchoraji wa ramani Dar es Salaam kwa kalamu na rula, kisha kompyuta zilipoingia akajifunza upya. Kwa miaka minne alikuwa akimfanyia kazi Herman, mpimaji wa kujitegemea, katika vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Rajnikant. Jengo lilikuwa la Rajnikant, na kompyuta pia, na plota, ile mashine ndefu ya kuchapia ramani. Alivinunua kwa ajili ya mwanawe aliyekwenda kusoma uhandisi ng'ambo na hakurudi. Herman alivikodi siku za kazi, akijiandikisha kila wiki kwenye kitabu cha duka.

Katika ramani, shamba, pori, mwamba na makazi havitofautishwi kwa maneno tu. Kila eneo hujazwa mistari ya namna yake, ambayo wachoraji huiita hachi. Kompyuta huijaza yenyewe, lakini mchoraji ndiye anayeiambia mistari ilale upande gani, ikae mbali kiasi gani, na ianze kupangwa kutoka nukta ipi. Ukikosea nukta ya kuanzia, maeneo mawili ya aina moja yanapogusana mistari haikutani: mmoja unaishia mpakani, mwenzake unaanzia juu kidogo, na ramani inaonekana kama bati lililopigiliwa na mlevi. Theopista hakuweza kulivumilia jambo hilo. Angeihamisha nukta ya kuanzia hadi kwenye kona ya mpaka, ajaze upya, atazame kwa karibu, afute, asogeze tena kidogo, mpaka kila mstari uvuke bila kukwaa. Wateja walimjua kwa hilo. Herman alikuwa akijisifu kwamba ramani za ofisi yake zimenyooka kuliko za serikali.

Mwezi wa tatu Herman alimletea kazi ya kampuni moja ya utafiti wa dhahabu. Majina ya vijiji hayakuwemo, mteja hakuyataka. Maeneo yalikuwa na namba tu. Eneo la Saba lilikuwa pori: mistari iliyoachana mbali, imelala kulia. Eneo la Nane, pembeni yake, lilikuwa makazi na mashamba: mistari ya karibu karibu iliyolala kushoto, na juu yake vijumba vya mraba sitini na tatu. Theopista alikuwa amekwisha kulimaliza hivyo, kufuatana na vipimo vya uwandani, Herman alipomwinamia begani.

"La Nane limebadilika," alisema. "Futa vijumba, ondoa mpaka, linganisha hachi na la Saba. Limerudi pori. Watu wamehama kwa hiari yao."

"Wamehama lini?"

"Mama Goodness, ulitaka kuwasindikiza?"

Akacheka, na Theopista akacheka naye. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma sasa, mbele ya jiko lisilotaka kuwaka. Alicheka, akageukia kazi. Akaipa Eneo la Nane mlalo wa Eneo la Saba, nafasi ileile, nukta ileile ya kuanzia. Mistari haikukubali mara moja. Kwenye kona ya kaskazini kulibaki mwachano mwembamba kama unywele, akahangaika nao nusu siku hadi ukazibika. Alipomaliza alimwita Herman na kumwambia, "Nioneshe mpaka ulikuwa wapi." Herman alitafuta, akashindwa. Theopista alirudi nyumbani akiwa na furaha.

Angeweza kuuliza ni wapi. Vipimo vya pembeni mwa karatasi vilikuwepo, zingetosha dakika tano mbele ya ramani kubwa ya ukutani. Hakwenda.

*

Jumapili, shangazi alipokwisha kupanda lori la kurudi, Theopista alitoka kanisani akaenda kwa miguu hadi Ibadakuli, kwa Athanas. Huyu ndiye aliyekuwa msaidizi wa Herman uwandani, mtu wa darubini na mnyororo wa kupimia, aliyeachishwa kazi mwezi wa nne bila kuelezwa sababu. Alimkuta nyuma ya nyumba akichanganya udongo wa kukandika banda.

"Mwasabuka," Theopista alisema, hata kabla ya kukaribishwa. "Kulikuwa na watu au hakuna?"

Athanas aliacha jembe. "Nyumba sitini na tatu. Nilizihesabu mimi. Kisima kimoja cha pampu, makaburi upande wa mashariki. Watu walinipa maji ya kunywa."

"Na uliiona ramani iliyotoka?"

"Niliiona. Nikamwuliza. Ndiyo maana unanikuta hapa nakanyaga tope."

"Ukanyamaza miezi minne!"

"Na wewe ulichora," Athanas alisema.

Walitazamana kama watu wanaotaka kupigana. Kisha Athanas akaingia ndani, akatoka na daftari la jalada gumu la kijani. Lilikuwa daftari la uwandani, la mwandiko wake mwenyewe, kila nyumba na umbali wake kutoka kwenye kigingi, na kila ukurasa una tarehe na saini. Herman hakuwahi kumdai. Huenda alidhani limetupwa.

"Chukua. Lakini mimi Kharumwa sitakuja. Nimeomba kazi mahali, nina watoto watano. Usinitaje mpaka wakuulize."

"Wakiniuliza nitakutaja."

"Najua," alisema Athanas, akarudi kwenye udongo wake. Theopista aliondoka bila kumshukuru.

*

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa ameshawasha kompyuta. Kwa sababu ya umeme kukatika mara kwa mara, alikuwa na desturi ya kuhifadhi kila hatua ya kazi kwenye disketi, na disketi ya tarehe kumi na moja mwezi wa tatu ilikuwepo, ndani ya kopo la biskuti. Aliiingiza. Mashine ikakoroma, ikafikiri, kisha Eneo la Nane likatokea pole pole kwenye kioo, vijumba vyake vyote sitini na tatu. Alifungua daftari la Athanas, akaanza kulinganisha nyumba kwa nyumba.

Alikuwa amefika nyumba ya arobaini Herman alipoingia. Herman alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikononi, kalamu mbili mfukoni. Alisimama nyuma ya kiti.

"Unafanya nini?"

"Narudisha Eneo la Nane."

"Nani kakuagiza?"

"Waliomo."

Herman alivuta kiti, akakaa kwa utaratibu, kama mtu anayejiandaa kumwelewesha mtoto. "Funga hilo faili, Theopista. Nahitaji nakala kumi safi za Alhamisi."

"Uliniambia wamehama."

"Watahama. Tofauti ni miezi tu."

Theopista aligeuka akamtazama. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo mwingine, kwamba kulikuwa na makosa ya vipimo, kwamba kampuni ilimdanganya na yeye. Hakuwa amejiandaa kuambiwa ukweli kwa sauti ile ya kawaida, sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Shangazi yangu alilala kwangu juzi," alisema. "Amekuja na karatasi yako kwenye khanga, bosi, ananiuliza yeye yuko wapi. Ana miaka sitini na nane. Mumewe amezikwa pale. Wewe umesema pale ni pori."

Herman alishusha sauti. "Sikujua una ndugu pale. Ungeniambia. Tungeona namna ya kumsaidia huyo mmoja."

"Huyo mmoja!"

"Usinipigie kelele. Kampuni ile ina leseni kuanzia hapa mpaka Geita. Tukifanya vizuri hii, upimaji wote ni wetu, miaka kumi. Wewe mwenyewe ungekuwa na wachoraji chini yako. Unadhani nilimfanyia nani haya? Na wewe ni mchoraji. Mchoraji anachora anachopewa. Nikikupa pori, chora pori. Ukitaka siasa, kagombee udiwani."

"Nipe basi daftari la uwandani linaloonesha pori. Nipe ukurasa mmoja tu. Nitachora sasa hivi."

Herman hakuwa nalo. Hapo ndipo alipoliona daftari la kijani karibu na mausi ya kompyuta, akalitambua, akanyoosha mkono. Theopista aliwahi. Alilivuta, akaliweka kwenye kiti, akalikalia.

Herman akasimama, akaenda ukutani, akachomoa waya.

Kioo kilizima kwa sauti ndogo. Kazi ya nyumba arobaini ikapotea, na disketi ikaharibika humohumo ndani. Theopista, ambaye kwa miaka minne hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti kwenye ofisi ile, alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama mtaani wakitazama juu. Hakukumbuka baadaye alisema nini. Alikumbuka tu kwamba alimwita mwizi, na kwamba neno hilo lilimridhisha kidogo, akalirudia.

Mzee Rajnikant alipanda ngazi akihema, miwani imesogea. Alikuwa mzaliwa wa Shinyanga, na alikuwa akiongea Kisukuma vizuri kuliko Herman, ambaye alitoka mbali.

"Nani amezima mashine yangu bila kuifunga?"

"Mimi," alisema Herman. "Huyu mama nimemfukuza kazi. Ninataka atoke."

"Mashine hii inaungua ukifanya hivyo! Unajua niliiingizaje nchini? Na wiki hii umeiandikisha?"

"Mzee, mimi huandikisha kila wiki."

"Wiki hii hujaandikisha. Nimetazama asubuhi." Rajnikant akamgeukia Theopista. "Mama Goodness, wewe umefukuzwa kazi?"

"Nimefukuzwa."

"Basi kama si mfanyakazi wake, unaweza kuwa mteja wangu. Unaitaka mashine?"

"Naitaka mpaka Jumatano. Sina cha kulipa."

Rajnikant alikuna kidevu. "Nataka kujenga ghala Isaka, karibu na reli. Utanichorea, ukuta, paa, kila kitu, bure."

"Nitakuchorea."

"Mzee Rajnikant," Herman alisema kwa upole wa ghafla, "hujui huyu anachora nini. Ni mambo ya kampuni kubwa."

"Na sitaki kujua," alijibu Rajnikant. "Mkiniambia nitaogopa. Wewe chumba chako ni kile cha pili. Hiki ni cha mashine."

Alishuka ngazi kama alivyopanda, akinung'unika juu ya waya. Herman alisimama kidogo, akachukua mkoba wake, akatoka. Alipofika mlangoni alisema, "Hakuna atakayekuajiri mkoa huu." Theopista alikuwa tayari ameinama chini ya meza, anarudisha plagi ukutani.

Alifanya kazi siku tatu. Aliweka nyumba zote upya kutoka kwenye daftari, kisima, njia ya ng'ombe, makaburi. Alirudisha mpaka, akauchora kwa kalamu nene. Kisha akaja kwenye hachi. Aliilaza mistari ya Eneo la Nane kushoto, ikate kabisa ule mlalo wa pori, akaisogeza karibu karibu. Nukta ya kuanzia aliiondoa kwenye ile kona aliyoihangaikia mwezi wa tatu, akaipeleka katikati ya kitongoji, penye kisima. Akajaza. Bado baadhi ya mistari iligusana mpakani na ile ya pori, na kwa mbali jicho lingeweza kuiunganisha. Akasogeza, akajaza tena, akatazama, akasogeza. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alihakikisha hakuna mstari hata mmoja unaokutana na mwenzake. Kila alipokumbuka "nioneshe mpaka ulikuwa wapi" alitaka kuvunja kitu.

Jumatano alasiri plota ilikwangua karatasi mbili. Moja ile ya mwezi wa tatu, kama ilivyotumwa. Nyingine hii.

*

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Nyamizi alikaa dawati la mbele na wanawake wenzake wa Mwasabuka. Afisa ardhi, mtu mfupi mwenye koti la kaki, alikaa meza ya mwalimu. Kijana wa kampuni alizungumza dakika ishirini juu ya maendeleo, kisha Herman akatundika ramani ubaoni na kueleza kwamba kwa mujibu wa upimaji, eneo lote lile ni pori la hifadhi ya baadaye ya mgodi, na waliopo waliingia majuzi wakifuata maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Watu wakaguna. Afisa akauliza kama kuna mwenye hoja. Theopista alisimama kutoka nyuma, akapita katikati ya madawati na karatasi zake, akazitundika kando ya ile ya Herman.

"Naitwa Theopista. Hii ramani mnayoiona nimeichora mimi. Na hii nyingine nimeichora mimi pia. Moja ni ya uongo."

Kelele zilizuka. Herman aliinuka. "Mheshimiwa, huyu mama nimemfukuza kazi Jumatatu. Ana kinyongo."

"Ninacho," Theopista alisema. "Kinyongo ninacho, tena kikubwa. Lakini nitazame mkono wangu." Aliweka kidole kwenye ramani ya Herman, ndani ya Eneo la Saba. "Mstari huu unaanzia porini. Naufuata. Napita. Napita. Sasa niko nyumbani kwa watu hawa, na mstari ni uleule. Haukukatika. Haukukatika kwa sababu niliagizwa usikatike. Kwenye ramani hii ya kweli, mpaka uko hapa, mistari yetu ni hii, na nyumba ni sitini na tatu."

Akasema yote tena kwa Kisukuma, taratibu, akiwatazama wanawake wa mbele.

"Umeagizwa na nani?" afisa aliuliza.

"Na huyu."

"Vipimo vya hizo nyumba umetoa wapi?"

Theopista akaweka daftari la kijani mezani. "Vilipimwa na Athanas, aliyekuwa msaidizi wake. Saini yake iko kila ukurasa. Na yake Herman iko ukurasa wa mwisho, amethibitisha."

Afisa alifungua ukurasa wa mwisho. Akailinganisha saini na ile ya kwenye ramani ubaoni. Herman alianza kusema jambo kuhusu rasimu na marekebisho, afisa akainua kiganja bila kumtazama.

"Kutoka hapa mpaka hiyo Mwasabuka ni mwendo gani?"

"Nusu saa kwa gari!" darasa zima lilijibu.

"Basi tunakaa hapa kubishana kwa nini?" Alichukua kofia yake. "Twendeni tukaone."

Walikwenda, afisa, kijana wa kampuni na Herman kwenye gari la mbele, Theopista na wanawake wa Mwasabuka nyuma ya la pili, watu wengine kwa baiskeli na kwa miguu. Mwasabuka ilikuwepo. Kulikuwa na pamba imeanikwa juani, kuku, mzee mmoja kipofu aliyetaka kujua hao wageni ni nani, na jiwe la kaburi lenye mwaka 1959. Afisa aliyasoma maandishi ya kaburi lile kwa sauti, akamtazama kijana wa kampuni, akarudi kwenye gari. Herman hakushuka.

Theopista alidhani angefurahi. Alikwenda kwa shangazi yake, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake.

"Shangazi."

"Ile ya kwanza," Nyamizi alisema. "Ile niliyokuletea. Umesema mbele ya watu umeichora wewe."

"Ndiyo, shangazi."

"Jumamosi nilipokuuliza mimi niko wapi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nililala kwako." Nyamizi hakupaza sauti. "Ulinipikia, ukanitandikia, ukanitazama. Ukaona afadhali nisikie pamoja na watu wa Kharumwa."

"Niliona aibu."

"Mimi ndiye niliyeaibika. Wenzangu wamegeuka kunitazama, wakasema, kumbe ni wa kwako." Aliingia ndani, akavuta mlango. Theopista alisimama pale na wanawake wakimshukuru, mmoja akimpa yai, mwingine akimshika mikono na kumwambia wabeja, wabeja sana, naye akiutazama mlango ule.

*

Ramani ilifutwa. Mwezi wa kumi walikuja wapimaji wengine, na Mwasabuka ikaingia kwenye karatasi kwa jina lake. Hiyo haikuizuia kampuni. Miaka miwili baadaye nyumba ishirini na mbili za upande wa mashariki ziliondolewa, lakini wenyewe waliitwa mezani kwanza, wakachagua viwanja, na makaburi yakahamishwa kwa padri na kwa mila. Nyumba ya Nyamizi ilikuwa mojawapo. Theopista alikwenda kumsaidia kubeba vyombo. Shangazi alimwacha abebe. Alimwonesha mahali pa kuweka mtungi na mahali pa kuweka kinu, na siku nzima hawakuongea mengine.

Athanas alipata ile kazi aliyoomba, kisha akaipoteza jina lake lilipojulikana, kisha akapata nyingine Kahama. Alimtumia Theopista salamu mara moja.

Herman hakushtakiwa. Alifunga ofisi ya Shinyanga, akafungua nyingine, kubwa zaidi, karibu na wateja wake. Theopista alisikia habari hizo kwa watu, na kila aliposikia alilazimika kuacha alichokuwa akifanya na kwenda kusimama nje.

Alikutana naye Isaka, mwezi wa pili mwaka 1998, siku Theopista alipokuwa akipima msingi wa ghala la Rajnikant. Magari makubwa ya mizigo ya kwenda magharibi yalikuwa yamepanga foleni kando ya reli, na Herman alishuka kutoka kwenye gari jipya lililokuwa likisubiri njia. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuja moja kwa moja, akitabasamu, kama mtu aliyemwona jirani.

"Mama Goodness! Habari za siku nyingi?"

Mafundi wawili waliokuwa wameshika utepe wa kupimia walimtazama Theopista, wakingoja aitikie. Hakuitikia.

"Habari za nyumbani? Binti hajambo?" Herman aliendelea. Tabasamu lilianza kulegea pembeni. "Mimi sina ugomvi na wewe, ujue. Yalikuwa mambo ya kazi. Nimepata kompyuta mbili mpya, na vijana wangu hachi haziwatii kabisa. Ungekuja hata kuwafundisha tu."

Theopista alimtazama machoni mpaka Herman akatazama pembeni, kwenye malori. Katika nchi ile hata adui hunyimwa vitu vingi kabla ya kunyimwa salamu, na fundi mmoja, mtu mzima, alikohoa kwa aibu. Theopista aliona aibu ya fundi yule, akaona uso wa Herman ukibadilika rangi, na bado hakufungua mdomo. Herman alisema, "Haya basi," akasema tena, "haya," akarudi kwenye gari lake.

"Mama, yule hukumsikia?" fundi aliuliza.

"Nilimsikia," alisema Theopista. "Vuta utepe. Umelegea upande wako."